Kusoma Maji Yasiyokuwepo: Uchambuzi wa Kijia cha Baiskeli cha Desert Classic, Phoenix

Mlima wa South Mountain unaitenga sehemu kubwa ya jiji la Phoenix, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, na kitongoji cha Ahwatukee kilichoanza kujengwa upande wa kusini miaka ya 1970. Mlima wenyewe ni hifadhi ya manispaa yenye zaidi ya ekari 16,000, na ardhi yake ya mwanzo ilinunuliwa na jiji kutoka kwa serikali kuu mwaka 1924. Kwenye ubavu wake wa kusini, kati ya miamba iliyo juu na kuta za nyuma za nyumba zilizo chini, kinapita kijia kiitwacho Desert Classic, kinachoanzia Pima Canyon upande wa mashariki na kuelekea magharibi kwa takriban kilomita 14 hadi karibu na Telegraph Pass. Ni kijia cha mstari mmoja, maana yake njia nyembamba inayotosha baiskeli moja tu, kiasi kwamba watu wawili wakikutana hapana budi mmoja asimame ili mwenzake apite. Kwa kuwa hakina miteremko ya kutisha wala magenge ya kuruka kama yale ya National Trail inayopita juu ya kilele cha safu hiyohiyo, mara nyingi hupendekezwa kwa wanaojifunza, na pendekezo hilo, ingawa lina ukweli wake, huficha ugumu halisi wa njia hii. Desert Classic humtaka mwendeshaji aisome ardhi iliyochongwa na maji ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka hayapo.

Phoenix hupata mvua isiyofikia milimita 200 kwa mwaka, na mvua hiyo huja kwa misimu miwili yenye tabia tofauti. Ile ya majira ya baridi kwa kawaida hunyesha polepole na kuingia ardhini. Ile ya kiangazi, baina ya Julai na Septemba, huja na radi na upepo mkali, na huweza kumwaga ndani ya saa moja kiasi ambacho udongo uliokaushwa na jua hauwezi kukinywa, hivyo maji hukimbia juu ya ardhi, hukusanyika kwenye makorongo na kubeba mchanga na mawe hadi kwenye tambarare. Korongo la jangwani ni mkondo unaokaa mkavu kwa miezi na kugeuka mto kwa muda wa saa chache. Kwa kuwa Desert Classic kinakata ubavu wa mlima kutoka mashariki kwenda magharibi, ilhali makorongo yanashuka kutoka kaskazini kwenda kusini, kijia kinayavuka moja baada ya jingine, na takriban kila jambo analolifanya mwendeshaji, kuanzia kushika breki hadi kubadilisha gia, linaamuliwa na mpangilio huo.

Aina ya mwamba nayo ina sehemu yake. Nusu ya mashariki ya safu hii imeundwa kwa granodioriti, jamaa ya karibu ya granaiti, yenye umri wa takriban miaka milioni 25, wakati nusu ya magharibi ni ya naisi, mwamba uliogeuzwa kwa joto na mgandamizo, wenye umri wa takriban miaka bilioni 1.7. Granodioriti huoza kwa namna ya pekee: joto la mchana na baridi ya usiku, pamoja na maji kidogo yanayopenya kwenye nyufa, hulegeza muungano wa madini yake mpaka mwamba unamomonyoka na kuwa chembe ngumu zenye ukubwa wa milimita chache. Chembe hizo husambaa juu ya udongo ulioshindiliwa na magurudumu, na kwa tairi hali inakuwa sawa na kukanyaga punje za mtama zilizomwagwa juu ya sakafu ya saruji. Lakini mwamba huohuo, pale unapojitokeza ukiwa mzima, ni mkavu na wenye mkwaruzo, nao hulishika tairi kwa nguvu ambayo udongo hauwezi kamwe kuifikia. Mwendeshaji aliyezoea njia za msituni, ambako jiwe huwa na unyevu na hivyo huepukwa, anapaswa kujifunza upya: hapa jiwe ndilo la kutegemewa, na udongo laini unaoonekana salama ndio wa kutiliwa shaka.

Tofauti hiyo inaonekana wazi zaidi kwenye kona. Baiskeli inayopinda kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 5 kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa inahitaji nguvu ya pembeni inayofikia takriban asilimia 63 ya uzito wa baiskeli na mwendeshaji wake kwa pamoja, na nguvu hiyo yote lazima itoke pale tairi linapoigusa ardhi. Juu ya mwamba mkavu inapatikana bila taabu. Juu ya chembe zilizolegea ni vigumu sana kuipata. Mwendo ukipunguzwa hadi kilomita 15 kwa saa, nguvu inayohitajika inashuka hadi takriban asilimia 35, kwa sababu inategemea mraba wa mwendo, na ndiyo maana breki ndogo iliyoshikwa mapema huleta nafuu kubwa kuliko breki kali iliyochelewa. Breki hiyo hushikwa baiskeli ikiwa bado imenyooka na huachiwa kabla ya kuanza kupinda, kwani tairi linalotumia mshiko wake kupunguza mwendo linabakiwa na kidogo cha kugeuzia. Baada ya hapo baiskeli hulazwa upande wa ndani wa kona huku kiwiliwili kikibaki wima zaidi kuliko fremu, ili uzito ushuke moja kwa moja juu ya meno ya pembeni ya tairi, ambayo ni marefu kuliko ya katikati na hupenya chembe hadi kwenye udongo mgumu ulio chini yake.

Uvukaji wa korongo unastahili kuchambuliwa kwa kina zaidi, kwa kuwa hapo ndipo ustadi wa njia hii unapopimwa. Chukua korongo lenye kina cha mita moja na nusu. Mwendeshaji anayefika ukingoni kwa kilomita 18 kwa saa, akajiachia bila kukanyaga pedeli wala kushika breki, atafika chini akiwa na mwendo wa takriban kilomita 27 kwa saa iwapo msuguano hautahesabiwa, na kwa nguvu hiyohiyo angeweza kupanda ukingo wa pili na kutoka na mwendo wake wa awali. Kinachoharibu hesabu hiyo ni mchanga wa chini. Gurudumu la mbele linapoingia kwenye mchanga uliolegea hujaribu kuzama na kukwama ghafla, uzito wa mwendeshaji unasogea mbele kwa sababu ya kupungua kwa mwendo, na kadiri uzito unavyosogea mbele ndivyo gurudumu linavyozidi kuzama. Aliyeshika breki kwenye mchanga, au aliyegeuza usukani katikati yake, huuanzisha mzunguko huo mwenyewe.

Utaratibu unaofaa huanza kabla ya ukingo. Gia nyepesi ya kupandia huchaguliwa wakati baiskeli ikiwa bado kwenye tambarare, kwa sababu mnyororo unaohamishwa ukiwa umebeba nguvu nyingi hukwaruza meno ya gia na huweza kukatika. Kiti hushushwa, jambo linalofanyika bila kusimama kwenye baiskeli zenye nguzo ya kiti inayopanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe kilichopo kwenye usukani. Breki hushikwa mara moja, kiasi, kisha huachiwa kabisa pale gurudumu la mbele linapoanza kuinama. Chini kabisa nyonga husogezwa nyuma ya kiti, mikono hulegezwa ili gurudumu la mbele lielee juu ya mchanga badala ya kuukata, na miguu husukuma pedeli kwa mdundo mmoja usiokatika. Wakati wa kupanda ukingo wa pili kifua huinamishwa kuelekea usukani ili gurudumu la mbele lisinyanyuke, lakini makalio hayaachani sana na kiti, kwani gurudumu la nyuma likikosa uzito huzunguka bure juu ya chembe. Yote haya hutokea ndani ya sekunde chache, kisha hurudiwa kwenye korongo linalofuata, na hapo ndipo njia inayoitwa rahisi inapomchosha hata mtu mwenye mapafu ya kutosha.

Mwenye jicho zuri hupata msaada kutoka kwa maji yenyewe, maana kila mafuriko huacha maandishi yake. Mchanga laini hutua upande wa ndani wa mpindo wa korongo, ambako maji yalienda polepole, na changarawe nzito hubaki upande wa nje, ambako yalienda kasi. Kwa hiyo mstari bora wa kuvukia kwa kawaida hupita palipo na changarawe. Mchanga uliotuna na kupauka haujashindiliwa, ilhali ule wenye rangi iliyokolea kidogo na alama bapa za tairi umeshaminywa na waliotangulia. Kusoma alama hizi kunahitaji mwanga unaofaa. Asubuhi, anayekwenda magharibi ana jua mgongoni na anayekwenda mashariki linampiga usoni, likimfichia chembe na kingo ndogo mpaka azifikie, hivyo uchaguzi wa mwelekeo kulingana na saa ya safari ni sehemu ya ufundi kama ulivyo uchaguzi wa gia.

Waliochora njia walikabiliwa na maji hayohayo kwa namna nyingine. Kanuni inayofuatwa sana katika ujenzi wa vijia ni kwamba mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu inapopita, la sivyo maji huigeuza njia kuwa mfereji, na kwamba njia iwe na mahali pengi inaposhuka kidogo kisha kupanda tena, ili maji yaliyoingia yalazimike kutoka. Desert Classic kimepata faida ya umbo la mahali pake: kila korongo linalovukwa ni kituo cha kuyatoa maji, na umbali kati ya korongo na korongo ni mfupi mno kwa maji kujikusanyia nguvu ya kuchimba. Kijia kinachomsumbua mwendeshaji kwa kupanda na kushuka kimedumu kwa sababu ya huko kupanda na kushuka, na mpango wowote wa kukinyoosha ungekiua.

Miiba inahitaji maelezo yake. Jangwani humo kuna mimea mingi ya jamii ya mpungate, ukiwemo ule unaoitwa choya, ambao vipande vyake hukatika kwa kuguswa kidogo na kulala njiani vikisubiri tairi au ngozi. Ndiyo sababu tairi za tyubulesi, yaani zisizo na tyubu ya ndani, zimekuwa za lazima kivitendo: ndani yake hutiwa majimaji yenye utomvu wa mpira ambayo hukimbilia kwenye tundu na kuliziba kabla upepo haujaisha. Joto la Phoenix huyakausha haraka, hivyo hukaguliwa na kuongezwa kila baada ya miezi michache. Manufaa ya pili, ambayo kwa mshiko wa tairi ni makubwa zaidi, ni kwamba tairi lisilo na tyubu huweza kujazwa upepo mdogo, mara nyingi kati ya psi 22 na 26 kwa mtu wa uzito wa wastani na tairi pana, likaweza kubonyea na kuyakumbatia mawe bila hatari ya tyubu kubanwa na rimu. Kipande cha choya kilichonasa mkononi hakivutwi kwa vidole, kwa kuwa miiba yake ina vijino vinavyoelekea nyuma na vidole navyo vitanaswa. Huondolewa kwa kitana, ambacho meno yake huingizwa kati ya ngozi na kipande, kisha kipande kikarushwa mbali kwa mkupuo mmoja. Kitana hukaa kwenye mkoba wa zana pamoja na pampu na kiungo cha akiba cha mnyororo.

Kuhusu joto, inatosha kukumbuka kwamba mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo zenye nyuzi 43 za Selsiasi au zaidi. Kiangazi huendeshwa alfajiri, na mwendeshaji hubeba lita mbili au tatu za maji, kwa kuwa jasho hukauka papo hapo na kumfanya asijue ni kiasi gani ameshapoteza.

Ukaribu wa nyumba ndio unaokitia kijia hiki kwenye hatari kubwa kuliko mafuriko. Ahwatukee ina barabara nyingi zinazoishia ukingoni mwa hifadhi, na kutoka huko huingia waendeshaji, watembea kwa miguu, wakimbiaji na wapanda farasi, ambao wote hutumia upana uleule. Taratibu za kupishana ziko wazi: baiskeli humpisha mtembea kwa miguu na farasi, na mtembea kwa miguu humpisha farasi. Lakini kumpisha mwenzako vizuri ni kusimama, kushusha mguu mmoja pembeni na kusubiri, wakati wengi huchepuka bila kusimama, wakazungukia nje ya njia. Wengine huzunguka vikwazo kwa njia hiyohiyo. Jiwe lenye kimo cha sentimita 25 linalomshinda mtu huzaa mchepuko kushoto kwake, kisha mchepuko wa pili unaokwepa mmomonyoko wa ule wa kwanza, na kijia cha mstari mmoja kinakuwa uwanja wa mita tatu. Jangwani kosa hilo halifutiki upesi. Tabaka jembamba la juu, ambamo bakteria, mwani na kuvu hushikanisha chembe za udongo, huvunjwa kwa tairi moja na huchukua miaka mingi kujiunda tena, na udongo uliobaki wazi ndio unaosombwa na mvua ya Julai inayofuata.

Namna ya kuufunga mchepuko wa aina hiyo inajulikana. Udongo uliogandamizwa hulegezwa kwa sururu, mawe hupandwa nusu yakiwa ardhini kwa mpangilio usionyooka, na matawi makavu ya mimea ya jangwani kama palo verde au krosoti husimikwa wima kuanzia pale mchepuko unapoonekana kwa mara ya kwanza, ili jicho la mwendeshaji anayekuja kwa kasi lisiuone kabisa. Matawi hayo pia hunasa mbegu na vumbi, na kivuli chake huhifadhi unyevu wa kuotesha chipukizi. Kazi hii hufanywa vizuri zaidi baada ya mvua za majira ya baridi, udongo ukiwa bado laini, na huenda sambamba na kulirekebisha lile jiwe la sentimita 25 kwa kuweka jiwe la pili mbele yake liwe ngazi ya kupandia, kwa sababu mchepuko uliofungwa mbele ya kikwazo kilekile hufunguliwa upya na mtu wa kwanza anayeshindwa kupanda.