"Ndugu" na "Hizbu": Uhakiki wa Lugha ya Mchujo ndani ya Chama

Makala haya yanakusudia kuchunguza neno moja tu, pamoja na kazi ambayo neno hilo lilitumwa kuifanya. Neno lenyewe ni "Hizbu". Lilitumwa nchini Tanzania, ndani ya Chama Cha Mapinduzi (CCM), wakati wa kumtafuta mgombea wa urais mwaka 2005. Wanafunzi wetu wamezoea kuhakiki lugha ya riwaya na ya utenzi, lakini lugha ya siasa huachiwa wanasiasa. Twaona kwamba hilo ni kosa, kwa kuwa katika siasa neno moja laweza kumtoa mtu katika jamaa yake.

Tuanze na historia. Katika Kiarabu, hizb ni kundi au chama. Huko Zanzibar, Hizbu likawa jina la Zanzibar Nationalist Party, chama kilichoundwa mwaka 1955, na la wafuasi wake. Serikali ya chama hicho na mshirika wake ilipinduliwa tarehe 12 Januari 1964, na tangu hapo maana ya jina ikaanza kuhama. Aliyekuwa mfuasi wa chama fulani akawa adui wa Mapinduzi. Kisha, katika vinywa vya baadhi ya watu, akawa "Mwarabu", yaani mtu asiye wa hapa. Neno lililotaja msimamo wa mtu likaishia kutaja damu yake.

Aliyelengwa mwaka 2005 ni Dkt. Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Pemba. Mtu huyu alikuwa balozi nchini Misri mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 22, Waziri Mkuu wa Tanzania mwaka 1984 hadi 1985, na Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1989 hadi 2001. Katika ujana wake alikuwa katika chama cha Umma cha Abdulrahman Babu, kilichojitenga na Hizbu mwaka 1963, kikaunga mkono Mapinduzi, kisha kikaingia katika Afro-Shirazi Party mwaka 1964. Afro-Shirazi nayo iliungana na TANU tarehe 5 Februari 1977, ndipo ikazaliwa CCM. Kwa hiyo swali la alikotoka Salim lilikuwa limekwisha kujibiwa na historia ya chama chenyewe.

Hata hivyo, magazetini na vibarazani, jina la Hizbu lilifufuliwa. Aliitwa Mwarabu, na hata akahusishwa na mauaji ya Mzee Karume ya tarehe 7 Aprili 1972, ingawa wakati huo alikuwa New York akiiwakilisha Tanzania katika Umoja wa Mataifa.

Mhakiki wa lugha ana jambo la kuonyesha hapa. Hoja ya kisiasa ina mlango wa kujibia: ukiniambia kwamba nilisimamia vibaya wizara, nitaleta hesabu zangu. Lakini ukiniambia kwamba mimi si mwenzenu, nitaleta nini? Kila utetezi huwa ushahidi mpya, kwa maana anayelazimika kueleza kwamba ni mwenzetu amekwisha wekwa nje ya mlango. Pamoja na hayo, maneno ya namna hii hupenda sarufi isiyo na mtendaji: "inasemekana", "yasemwa". Msemaji hujificha ndani ya kitenzi, na msingiziwa hubaki peke yake uwanjani.

Na tukumbuke kwamba hayo yalitokea katika chama ambacho wanachama wake huitana "ndugu", na ambacho ahadi ya kwanza ya mwanachama wake ni kuwatambua binadamu wote kuwa ndugu zake. Neno la Kiarabu lenye maana ya chama likatumiwa kumtoa mtu chamani.

Huenda msomaji akasema kwamba Salim alishindwa kwa sababu nyingine: Jakaya Kikwete alipendwa, na wafuasi wake, walioitwa wanamtandao, walijipanga vyema. Hatubishi. Katika mkutano mkuu wa Mei 2005 Kikwete alipata kura 1,072, Salim 476, na Profesa Mark Mwandosya 122. Hatusemi kwamba neno Hizbu ndilo lililotoa ushindi. Madhara yake tunayaona kwingine: chama kiliacha swali la asili ya mtu lisimame kando ya swali la uwezo wake, kana kwamba yana uzito sawa. Baada ya kura huja wito wa kuvunja makundi. Makundi yaliyojengwa juu ya sera huweza kuvunjwa, kwa sababu sera hujadiliwa. Yaliyojengwa juu ya nasaba hulala tu, yakingoja uchaguzi mwingine.

Sisi wa Lubumbashi hatuna haja ya kuvuka Ziwa Tanganyika ili kulielewa jambo hili. Nguza Karl-i-Bond na Étienne Tshisekedi walikuwa chini ya mwavuli mmoja wa upinzani hadi Novemba 1991, Nguza alipoukubali uwaziri mkuu wa Mobutu. Ugomvi wa viongozi ukageuzwa kuwa ugomvi wa asili. Katika Kiswahili chetu wenyewe, ndugu zetu wenye asili ya Kasai wakaitwa "bilulu", yaani wadudu. Na mwaka 1992 na 1993 maelfu kwa maelfu walifukuzwa makwao huko Likasi, Kolwezi na kwingineko, wakangojea treni katika vituo vya reli. Matukio haya mawili hayalingani kwa ukubwa: Tanzania mtu mmoja alikosa uteuzi, hapa kwetu watu walikosa makao na uhai. Lakini njia ya neno ni ile ile. Huanza kwa kumtaja mpinzani, humalizia kwa kumtaja mgeni.

Hatuna budi, basi, kuwafundisha wanafunzi wetu kipimo kimoja chepesi. Wasikiapo neno la kampeni, na waulize: je, anayeambiwa hivi anaweza kujibu? Ikiwa hawezi, hilo si hoja, hata likisemwa kwa Kiswahili fasaha namna gani.