"Mshauri wa Mahakama": Istilahi Moja kwa Kazi Mbili

Miongoni mwa istilahi za sheria zinazohitaji kuangaliwa upya ni "mshauri wa mahakama". Wafasiri wengi huitumia kwa kila raia anayeketi na hakimu au jaji kusikiliza shauri, kwa kuwa Kiingereza nacho kina neno moja tu kwa wote hao. Lakini taratibu za mahakama za Tanzania hazikumpa mtu huyo kazi moja.

Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984, kama ilivyotungwa, ilimtaka hakimu wa Mahakama ya Mwanzo aketi na watu hao wasiopungua wawili, na pakitokea tofauti, jambo liamuliwe kwa wingi wa kura. Hakimu alikuwa na kura yake, na kura ya uamuzi iwapo kura zililingana. Basi raia wawili wakiwa na kauli moja, waliweza kumshinda hakimu. Kanuni za hukumu za mwaka 1987 zilikaza zaidi: hakimu ashauriane nao, wakiafikiana wote watie saini, wala asiwajumlishie ushahidi. Mtu wa namna hiyo si mshauri, ni mwamuzi.

Mahakama Kuu mambo yalikuwa mengine. Katika kesi ya jinai jaji aliwajumlishia ushahidi, kila mmoja akatoa maoni, kisha jaji akaamua bila kufungwa na maoni hayo. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, chini ya sheria ya mwaka 2002, lilifuata njia iliyo karibu na hiyo, ila mwenyekiti akitofautiana nao alipaswa kueleza sababu. Hapo "mshauri" limekaa mahali pake.

Wako wanaosema kwamba hata Mahakama ya Mwanzo watu hushauriana, kwa hiyo neno linafaa. Hoja hii inasahau kazi ya kiambishi -an-. Anayemshauri hakimu hubaki nje ya uamuzi; anayeshauriana naye yumo ndani yake.

Marekebisho ya sheria ya miaka ya karibuni yamegusa ulazima wa kuketi na watu hawa, lakini kumbukumbu za mashauri ya zamani zingali zikisomwa na kufasiriwa. Mfasiri akiandika kuwa Mahakama ya Mwanzo "ilipokea maoni ya washauri", msomaji wa ngazi ya rufaa aweza kudhani kwamba hakimu aliamua peke yake, na hukumu halali ikatiliwa shaka.

Pendekezo letu ni "mzee wa baraza" kwa Mahakama ya Mwanzo peke yake. "Mjumbe" lingefaa kwa maana, lakini mwananchi atamfikiria mjumbe wa nyumba kumi. Uzee hapa ni heshima, si umri. Magazeti yamezoea kulitumia jina hilo hata kwa Mahakama Kuu, yafaa yaache.