Seva tatu, mistari miwili: dmidecode na lshw huko Kasesya

Kasesya ni mpakani, wilaya ya Kalambo. Ukivuka uko Zambia. Kifaa cha seva kikifa pale hukipati dukani. Unapiga simu Sumbawanga, hawana, kinaagizwa Mbeya au Dar, halafu unakaa kusubiri basi. Kwa hiyo ile orodha ya mashine ambayo sisi chuoni tunaichukulia kama zoezi la alama tano, kule ndiyo inayoamua kipuri gani kikae kabatini.

Ofisi moja ya uwakala wa mizigo iliniomba niwatengenezee orodha hiyo. Seva tatu tu, kompyuta za kuungaunga, zote Linux. Nikaandika skripti: ingia kila mashine kwa ssh, endesha `dmidecode`, chukua namba ya kiwanda, hifadhi taarifa zote chini ya namba hiyo. Dakika mbili, kazi imekwisha. Orodha ikatoka na mistari miwili. Nikadhani moja imezimwa, nikaituma hivyo hivyo.

Haikuwa imezimwa. Mashine mbili zilikuwa na "namba" moja: `To Be Filled By O.E.M.`, yaani itajazwa na mtengenezaji, na mtengenezaji hakujaza. Ya pili ikaandikwa juu ya ya kwanza. Iliyopotea ndiyo iliyokuwa na diski kongwe kuliko zote, na diski za akiba ziliagizwa kwa kufuata orodha yangu. Ilipokufa, kabatini hapakuwa na ya kuiingia.

Sasa, tuwe wa haki kwa `dmidecode`. Programu hii, aliyoianzisha Alan Cox na kutunzwa miaka mingi na Jean Delvare, haipimi kitu chochote. Inasoma jedwali ambalo BIOS imeliacha kwenye kumbukumbu, lililoandikwa na kampuni ya bodi. Ni kama kusoma lebo ya gunia bila kulifungua. Mwongozo wake wenyewe unaonya kwamba mara nyingi taarifa za jedwali hilo zina makosa au pengo. Mimi sikuusoma, nani husoma?

Lawama zangu nazipeleka zaidi kwa `lshw` ya Lyonel Vincent, japo naipenda. Inachanganya jedwali lile lile na mambo ambayo kerneli imeyaona yenyewe, inakupa ukurasa mmoja mzuri, hata JSON ukitaka. Lakini haikwambii mstari upi umetoka wapi. Kadi ya mtandao imeonwa kweli. Namba ya kiwanda imenakiliwa tu. Kwenye ukurasa zote mbili zina sura moja, na hapo ndipo mgeni anapoponzwa.

Kwa diski, achana na zote mbili. `smartctl -a` inaiuliza diski yenyewe, na nyingi hutaja saa zilizofanya kazi. Swali hilo moja lingetuokoa, mradi mashine isifutike kwenye orodha.

Upande wa mfumo endeshi nako kuna mtego. Wengi huandika `uname -r` na kuridhika. Hiyo ni namba ya kerneli tu. Jina la mfumo liko `/etc/os-release`. Mashine mojawapo ilikuwa CentOS 7, ambayo matengenezo yake yalikoma 30 Juni 2024, na `uname` haikusema neno juu ya hilo.

Kuna atakayesema tumia `/etc/machine-id`. Sawa, ila fundi akinakili diski nzima kwenda mashine ya pili, na kitambulisho kinakwenda nacho, usipokitengeneza upya. Anwani ya kadi ya mtandao nayo huhama na kadi.

Skripti yangu sasa ina safu ya ziada, "chanzo", kwa kila taarifa, na inakataa kuendelea ikikuta namba inayojirudia. Ufunguo ni stika niliyobandika kwa mkono kwenye kila kasha: 1, 2, 3. Kabla ya kuiendesha, namwomba aliyeko ofisini azihesabu kwa macho.