Namba 240 na Alfajiri ya Iten

Katika upigaji picha za safari, uamuzi wa kubeba lenzi moja badala ya mkoba wa lenzi tatu ni wa busara, hasa kwa anayetoka Eldoret kwenda Iten na kuteremka Bonde la Kerio, kwa kuwa vumbi jekundu la barabara zisizo na lami hukitafuta kihisi cha kamera kila lenzi inapofunguliwa. Kosa halimo hapo. Kosa hutendeka mbele ya kabati la duka, pale mnunuzi mwenye kamera ya Canon ya jamii ya R anapowekewa lenzi mbili za zumu, yaani lenzi zinazobadilisha urefu wa fokasi bila kuondolewa kwenye kamera, moja ikiwa RF 24-105 yenye f/4 isiyobadilika, nyingine ikiwa RF 24-240 yenye f/4 hadi f/6.3, naye akaichukua ya pili kwa sababu 240 ni kubwa kuliko 105. Huo ni uamuzi mbaya, na wasomaji waliokwisha kuzitazama picha nyingi za wakimbiaji wa alfajiri wa Iten, zenye chengachenga kwenye vivuli na nyuso zisizosomeka, hawahitaji maabara kuutambua.

Namba ya f ni uwiano wa urefu wa fokasi kwa kipenyo cha tundu linalopitisha mwanga, kwa hiyo, urefu wa fokasi usipobadilika, kadiri namba inavyokua ndivyo tundu linavyopungua. Mtetezi wa 24-240 hudhani kwamba f/6.3 ni gharama inayolipwa kule mwisho tu, kwenye milimita 240, ilhali namba ya f huanza kupanda mara pete ya zumu inapozungushwa, na kufikia takriban milimita 105 lenzi hiyo tayari iko kwenye f/6.3. Katika urefu uleule wa fokasi lenzi ya f/4 ina tundu la kipenyo cha milimita 26, na mwenzake ana la milimita 17 hivi. Kwa kuwa mwanga hufuata eneo la tundu wala si kipenyo chake, ya kwanza hupitisha karibu mara mbili na nusu ya mwanga unaopitishwa na ya pili. Aliyelipia milimita 135 za ziada amezilipia kwa mwanga wa milimita zote zilizotangulia, na hizo ndizo atakazozitumia karibu kila siku.

Hasara hiyo hupimwa vyema Iten, mji ulio kwenye kimo cha takriban mita 2,400 ukingoni mwa bonde, ambako makundi ya wanariadha huanza mazoezi saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijachomoza. Mkimbiaji anayemaliza kilomita moja kwa dakika tatu husonga mita tano na nusu kwa sekunde, na ili miguu yake igandishwe, shata, yaani pazia linalofunguka na kufungika mbele ya kihisi, inafaa ifanye kazi kwa 1/1000 ya sekunde. Ikiwa mwanga wa wakati huo unamruhusu mwenye f/4 kutumia ISO 1600, ISO ikiwa ni kiwango cha usikivu wa kihisi, basi mwenye f/6.3 hulazimika kupanda hadi ISO 4000 papo hapo, na chengachenga hupanda pamoja nayo. Akikataa kupandisha ISO itambidi aipunguze shata hadi 1/400, muda ambao mwili wa mkimbiaji husonga karibu sentimita moja na nusu na mguu unaorushwa mbele husonga zaidi ya hapo. Hapa ndipo hutajwa kitulizo cha mtikisiko kilichomo ndani ya lenzi, kana kwamba kinaweza kuziba pengo hilo, wakati kitulizo hutuliza mkono wa mpigapicha, hakitulizi miguu ya mkimbiaji. Wachuuzi wamelisikia jambo hili miaka na miaka, nao bado hulinyamazia.

Wala haisemwi kwa haki kwamba 24-240 ni lenzi nyepesi ya msafiri. Uzito wake ni gramu 750, na wa 24-105 ya f/4 ni gramu 700, tena hii ya pili ina kinga ya vumbi na unyevu ambayo ile ya kwanza haina.

Zaidi ya hayo liko suala la pembe za picha. Lenzi ya 24-240, iliyotoka mwaka 2019, ikiwekwa kwenye milimita 24, taswira yake haikijazi kihisi chote, na faili ghafi, yaani data ya kihisi kabla ya kurekebishwa, huonyesha pembe nyeusi na mistari iliyopinda kama mbavu za pipa. Programu ndiyo inayozivuta pikseli kuelekea kwenye kingo hadi pengo lizibike. Mwenye kusimama ukingoni mwa Iten akitaka Bonde la Kerio liingie lote kwenye fremu moja huletewa kingo zilizokisiwa na hesabu badala ya kuchorwa na kioo. Tabia hii ya kuunda kioo pungufu na kuiachia programu deni imeenea mno, na wahakiki wengi wameisamehe upesi kupita kiasi.

Zamani haikuwa hivyo. Zumu ya kwanza kuuzwa kwa kamera za picha za mgando, Zoomar ya Voigtländer ya mwaka 1959, ilikuwa ya milimita 36 hadi 82 tu, lakini ilishika f/2.8 mwanzo hadi mwisho. Uchu wa namba kubwa ulipata nguvu baadaye, hasa baada ya Tamron kutoa 28-200 mwaka 1992. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyeipiga picha sana Afrika Mashariki, alishatoa na Duncan Willetts na Brian Tetley kitabu cha Journey through Kenya mwaka 1982, miaka kumi kabla ya lenzi hiyo kuzaliwa. Miongoni mwa filamu za slaidi zilizopendwa enzi hizo ni Kodachrome yenye usikivu wa 64, na mwenye filamu hiyo, kwenye mwanga uleule wa alfajiri uliopigiwa hesabu hapo juu, angepata 1/40 ya sekunde kwa f/4. Usikivu usipoweza kupandishwa kwa kitufe, mwanga hutafutwa kwenye kioo na miguuni: mpigapicha husogea. Kizazi kilicholelewa hivyo kisingebabaishwa na 240.

Ndovu wa Hifadhi ya Rimoi, iliyomo Bonde la Kerio, ni hoja halali ya upande wa pili, kwani hawasogelewi kwa miguu, na picha ya milimita 105 ikikatwa ili ilingane na mwono wa milimita 240 hubakiza chini ya moja ya tano ya pikseli, yaani, kwa kamera ya pikseli milioni 24, takriban milioni 4.6, zinazotosha simu au picha ndogo gazetini lakini hazitoshi bango. Hata hivyo, nje ya hifadhi, anayetumia milimita 240 kuvuta ng'ambo ya pili ya bonde mchana huvuta pia utusitusi wa joto na vumbi ulio katikati, ambao hakuna lenzi inayouondoa.

Anayenunua leo kwa safari hizo achukue 24-105 ya f/4, na asiishie kusoma milimita peke yake, kwa sababu tangu mwaka 2020 iko RF 24-105 nyingine ya f/4 hadi f/7.1, ambayo kwenye milimita 105 hupitisha chini ya theluthi moja ya mwanga wa ile inayopendekezwa hapa. Inayopendekezwa ina herufi L na pete nyekundu mbele.