Baba Asiyeingia Jukwaani

Jumba la Market Theatre, lililoko Newtown, Johannesburg, lilifunguliwa mwaka 1976 katika majengo ya soko la zamani. Waasisi wake, Barney Simon na Mannie Manim, walikusanya waigizaji na watazamaji wa rangi zote wakati sheria za makaburu zikiwatenga. Hapo ndipo hadhira ya Afrika Kusini ilipoitazama, mwaka 1983, tamthilia ya Athol Fugard, "Master Harold"... and the Boys. Wahakiki huisoma kama tamthilia ya ubaguzi wa rangi, na hawakosei. Hata hivyo, yumo mhusika ambaye uhakiki humpita kwa haraka: baba yake Hally, aliyepoteza mguu, ambaye hatumwoni jukwaani wala hatuisikii sauti yake.

Tuko katika mkahawa wa Port Elizabeth, alasiri ya mvua, mwaka 1950. Sam na Willie, wahudumu Weusi, wanajiandaa kwa mashindano ya dansi. Sam anamweleza Hally, kijana Mzungu wa miaka 17, kwamba dansi ni ndoto ya ulimwengu ambamo watu hawagongani. Kisha simu inalia: baba anarudi nyumbani kutoka hospitalini. Hally, kwa uchungu, anawaingiza viwete katika ukumbi huo wa ndoto ili wachekwe.

Je, Fugard naye anacheka? La. Sam anamkanya Hally asimdhihaki mzazi wake, na hapo ndipo ugomvi unapowaka. Baadaye tunasimuliwa usiku ambao Sam alimbeba baba huyo mgongoni, amelewa chakari, huku mtoto akifuata nyuma na magongo mkononi. Kishada ambacho Sam alimtengenezea Hally kilizaliwa na aibu ya usiku huo: alitaka mtoto ainue macho.

Masimulizi haya yana huruma kubwa, lakini ni huruma kwa mwana. Baba amebaki kuwa mzigo: mguu uliokatwa, chupa, vyungu vya mkojo. Ulemavu wake umefanywa ishara ya uozo wa nyumba ile, na labda wa nchi nzima. Jambo hili linashangaza zaidi tukikumbuka kwamba baba mzazi wa Fugard alikuwa mlemavu na pia mpiga piano. Mwandishi alijua fika kwamba mtu wa namna hiyo huwa na mengi zaidi ya magongo yake.

Sisi wa Kiswahili tusijione salama. Tunasema "hujafa hujaumbika" ili kumkemea anayecheka. Methali hiyo inamlinda mlemavu, lakini inamzungumzia mwenye viungo kamili: jihadhari, yaweza kukufika. Mlemavu mwenyewe anakuwa onyo, kama baba yake Hally anavyokuwa fundisho.

Mwanafunzi wangu mmoja, atembeaye kwa magongo, aliuliza darasani: "Mwalimu, huyu baba angefika mkahawani, angesema nini?" Tulirudi kwenye matini, tukakosa jibu. Hatukuwa na sentensi yake hata moja; tulikuwa na maneno ya mwanawe na ya Sam.

Sidai tamthilia iandikwe upya. Napendekeza jambo ambalo mwongozaji anaweza kulifanya bila kubadili neno lolote: nafasi ya Willie apewe mchezaji dansi mwenye ulemavu. Willie ndiye anayejizoeza hatua tangu pazia linapofunguka, na ndiye anayetoa nauli yake ya basi mwishoni ili muziki upigwe. Mzaha wa Hally kuhusu viwete ni mwepesi kwa sababu mlengwa hayupo ukumbini. Akiwapo Willie wa namna hiyo, Hally atalazimika kuusema mbele ya uso wa mtu, nasi tutalazimika kumtazama mtu huyo akiusikia, kisha akiendelea kucheza.