Jiwe na Msalaba Katika Sarafu

Hapa Bihambwe, katika milima ya Masisi, tumezoea kuona jiwe likigeuka franga: ndiyo koltani. Zamani lilikuwako jiwe lililochorwa katika sarafu kwa sababu liliabudiwa.

Lilikuwa jiwe jeusi la mji wa Emesa, ambao leo ni Homs katika nchi ya Siria. Kijana aliyekuwa kuhani wake alipata kuwa Kaisari wa Roma mwaka 218, akalihamishia Roma. Tuitazame sarafu yake ya dhahabu. Upande mmoja kichwa cha Kaisari. Upande wa pili jiwe limepakiwa katika gari la farasi wanne, lina tai, na miavuli minne imelizunguka. Jiwe halina macho wala mdomo, basi mchoraji amelipa gari na miavuli lipate heshima. Ni kazi nzuri, lazima tukiri. Kaisari huyo aliuawa mwaka 222.

Afrika nayo ina sarafu zake. Zile za mfalme Ezana wa Aksum, katika Ethiopia, zilikuwa na mwezi mwandamo na duara juu ya kichwa chake. Alipoongoka, katika karne ya 4, alama hizo ziliondolewa, ukawekwa msalaba. Wakristo hufurahi wakisikia hayo, nasi tulifurahi. Lakini tukiichungua sarafu yake ya dhahabu, twaona mfalme amechorwa pande zote mbili, katikati ya masuke ya nafaka, na misalaba ni midogo, imebanwa ukingoni, mmoja mahali pale pale pa mwezi. Yule mpagani alimwachia mungu wake upande mzima.