Maitreyi Devi na Kitabu cha Kujibu

Wasomaji wetu wengi wanamjua Mircea Eliade kwa ajili ya vitabu vyake juu ya dini za mataifa. Inafaa wamjue pia bibi mmoja wa Bengali aliyeumizwa na kalamu yake.

Maitreyi Devi alizaliwa mwaka 1914. Baba yake, Surendranath Dasgupta, alikuwa mwalimu mashuhuri wa filozofia ya Wahindi. Mashairi ya kwanza ya binti yalitoka mwaka 1930, na Rabindranath Tagore mwenyewe aliyaandikia dibaji. Mwaka ule ule Eliade, kijana wa Rumania na mwanafunzi wa baba, alikaa nyumbani mwao Calcutta. Wakapendana, baba alipojua, akamfukuza mgeni.

Mwaka 1933 Eliade akatoa riwaya, ambayo kwa Kifaransa inaitwa La Nuit bengali. Mwanaume ndani yake amepewa jina la kubuni, Allan. Lakini msichana ameachiwa jina lake la kweli, Maitreyi, tena anaonyeshwa akimwendea mgeni usiku chumbani. Bibi alikana kabisa jambo hilo. Lakini alipata kuyajua yaliyoandikwa mwaka 1972 tu, yeye mke wa mtu na nyanya wa wajukuu, na watu wa Ulaya walikuwa wameyasoma karibu miaka 40!

Akajibu kwa kitabu, Na Hanyate (1974), kilichopata tuzo la Sahitya Akademi mwaka 1976. Tazama heshima yake: yeye anajiita Amrita. Tena hamchafui adui. Anakiri ya kwamba alimpenda, anaonyesha kiburi cha baba bila kumficha, na mume wake, mtaalamu wa kiwanda cha kinini kule Mungpu (dawa ya mti wa kinkina, ambao Kivu pia tunaujua), anaonekana mtu mpole kuliko wote. Kurasa juu ya Tagore ni nyingi mno, msomaji anachoka. Lakini safari ya Chicago ya mwaka 1973, mwanamke mzee akimkabili mzee kati ya vitabu vyake, naye anakwepa kumtazama, hiyo Eliade asingaliweza kuiandika.

Riwaya ya Eliade ni ya kijana anayejisikitikia mwenyewe. Hii ya bibi inawasikitikia wote wawili, na kwa sababu hiyo naiweka juu. Anayesoma ile ya kwanza peke yake amesikia shahidi mmoja tu.